PS au Kompyuta: Hesabu ya Mgololo

"Kaka, hii laki tisa ninunue PS au kompyuta ya gemu?"

Aliniuliza kijana mmoja pale Nyololo, njia panda, tukisubiri gari la Mgololo. Alikuwa ameuza nusu ekari ya misindano aliyoachiwa na babu yake. Mama alishachukua fungu lake, ada ya dada ilishalipwa, imebaki hiyo. Nikamjibu harakaharaka lile jibu la kila mtu: kompyuta ina nguvu zaidi, PS ni rahisi kutumia, inategemea wewe unataka nini. Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akaambiwa dunia ni duara. Tangu siku ile naidai nafsi yangu jibu la maana.

Majibu ya aina ile yalitungwa kwa ajili ya mchezaji wa Chicago au London. Umeme wake haukatiki, kadi ya benki iko mfukoni, intaneti analipia kwa mwezi bila kupimiwa, na kila mtoto ana chumba chake. Ondoa mambo hayo manne uone kama ubishi wa picha ipi inang'aa zaidi utabaki na uzito wowote. Mgololo, wilayani Mufindi, kilomita 80 hivi kutoka Mafinga, ni mahali pazuri pa kufanyia jaribio hilo. Ni mji uliozaliwa na mashine: kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi miaka ya 1980 kikiitwa Southern Paper Mills, kikazimika miaka ya 1990, kikafufuliwa baada ya kubinafsishwa, na sasa kinaitwa Mufindi Paper Mills. Kinakula miti ya Sao Hill, shamba la miti lenye zaidi ya hekta 130,000. Wazee wa pale wameshaona mashine kubwa ikikaa miaka bila kazi, na hawahitaji kufundishwa kwamba gharama za mashine huanza siku inapoingia mlangoni.

Kabla ya hesabu, tuondoe dhana kwamba hizi ni mashine za aina mbili tofauti. PS na kompyuta ni ndugu wa tumbo moja. (Nasema PS kwa sababu huku mashine yoyote ya gemu ni PS, hata ikiwa Xbox.) PS4 ya mwaka 2013 na PS5 ya mwaka 2020 zina prosesa za AMD za ukoo uleule unaoukuta ndani ya kompyuta za dukani. Sony wenyewe waliwahi kushikilia kwamba mashine yao ni kompyuta: PS2 za Ulaya zilikuja na diski yenye YABASIC, programu ndogo ya kujifunzia kuandika programu, na kampuni ikafika hadi mahakamani kubishania ushuru wa forodha, maana kompyuta ilikuwa ikiingia kwa masharti nafuu kuliko kitu cha kuchezea. Mwaka 2010 Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha PS3 zipatazo 1,760 likajitengenezea kompyuta kubwa ya utafiti. Mwaka huohuo Sony wakatoa sasisho lililoondoa uwezo wa PS3 kuwekewa mfumo mwingine kama Linux.

Kinachozitenganisha, basi, ni kufuli. PS ni kompyuta iliyofungwa, na ufunguo amebaki nao aliyeitengeneza. Huuzwa kwa faida ndogo, pengine kwa hasara, kwa matumaini kwamba fedha itarudi kupitia gemu utakazonunua baadaye. Kompyuta haina wa kuichangia bei hiyo, ndiyo sababu mashine mpya inayolingana na PS5 kwa nguvu huwa ghali kuliko PS5. Forodha yetu ya Afrika Mashariki nayo inaona mstari huohuo: kompyuta huingia bila ushuru wa forodha, mashine za gemu zimepangwa kwenye sura ya 95 ya vitabu vya ushuru, pamoja na midoli, karata na meza za puli.

Na mara nyingi uchaguzi hufanywa na nchi kabla mchezaji hajafungua pochi. Korea Kusini ilizuia kwa miongo mingi bidhaa za utamaduni kutoka Japani, na ilianza kulegeza mwaka 1998. Wakati huohuo intaneti ya kasi ikaenea, vibanda vya kompyuta vikaota kila mtaa, na taifa zima likawa la wacheza kompyuta. China ilipiga marufuku mashine za gemu mwaka 2000, ikaanza kufungua mlango mwaka 2014. Miaka yote hiyo vijana wake walikua na kompyuta, kisha simu. Kwetu hakuna aliyepiga marufuku kitu. Benchi ndilo lililotuchagulia. Kibanda kimoja, TV moja, pedi mbili, na watu kumi na watano kwenye benchi: mpangilio huo unaikubali PS na unaikataa kompyuta, ambayo humtaka mtu mmoja akae peke yake mbele ya kioo kidogo. Unaweza kuchomeka pedi kwenye kompyuta na kuiunganisha na TV, ndiyo, na ikafanya kazi vizuri kabisa. Lakini ukishafanya hivyo umetengeneza PS kwa njia ndefu.

Sasa umeme, ambako ndiko hasa nilikomkosea yule kijana kwa kutomtajia hata neno.

Kwa bei za TANESCO zilizoanza mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa matumizi madogo, yaani D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa kawaida, T1, hulipa 292. Juu yake weka VAT asilimia 18, REA 3 na EWURA 1, ndiyo maana shilingi elfu kumi ya T1 inaleta uniti 28 na pointi.

Chukua nyumba ya D1 inayotumia uniti 50 kwa mwezi kwa taa, redio, TV ya taarifa ya habari na pasi ya Jumapili. Ingiza PS4 Slim, inayokula wati 90 hivi mchezo ukiwa umekolea, na TV ya wati 60. Kwa saa nne kila siku hizo ni uniti 18 kwa mwezi. Nyumba inafika 68, bado iko ndani ya uzio, na ongezeko halizidi shilingi 2,200. Toa PS4, weka kompyuta ya gemu ya wati 350 na kioo cha wati 30. Saa zilezile nne zinakuwa uniti 46. Nyumba imefika 96. Uniti 25 za kwanza zinalipiwa kwa bei ya chini, 21 zinazobaki zinalipiwa 427 kila moja pamoja na tozo, jumla shilingi 12,000. Mchezo uleule, saa zilezile, gharama zaidi ya mara tano. Na nyumba ikizoea kuvuka 75, inaweza kuhamishiwa T1, hapo hata pasi ya Jumapili inapanda bei. PS5, kwa wati zake 200 hivi, inakaa katikati: pamoja na TV ni uniti 31, nayo inaivusha nyumba yetu ile kwenye 75, ingawa kwa uniti sita tu.

Hesabu hii haizihukumu kompyuta zote, inazihukumu zile kubwa zenye taa za rangi na feni sita. Kuna njia ya pili ambayo mafundi wa Kariakoo wanaijua vizuri. Ofisi za Ulaya na Ghuba hubadilisha kompyuta zao kila baada ya miaka michache, na zile za zamani, Dell OptiPlex na HP EliteDesk, huja kwetu kwa makontena. Unanunua moja yenye kasha la kimo cha kawaida, unaongeza memori, kisha unachomeka kadi ya grafiki kama GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 au GTX 1650 ya mwaka 2019 isiyohitaji waya wake wa umeme. Kadi hizo zinakula wati 75 tu, na zote zinapita kwenye tundu zilipochomekwa, kwa hiyo pawa saplai ndogo ya kiofisi inazimudu. Mashine nzima inazunguka wati 150. Angalizo moja: makasha membamba hayapokei kadi ya kimo kamili, na nimewaona watu wakirudi dukani na kadi mkononi wakiomba wabadilishiwe. Pima kasha kabla ya kulipa.

Mashine ya namna hiyo haitacheza kila kinachotoka leo. Lakini itacheza GTA San Andreas ya mwaka 2004, ambayo kwa vijana wengi wa nchi hii ni darasa la kwanza, itacheza PES za zamani bila kutokwa jasho, na GTA V itaisukuma vizuri. Tena itafanya kwa urahisi jambo ambalo kufuli ya PS inalibana. Ndani ya gemu ya mpira ya EA Sports FC hakuna ligi ya Tanzania. Kwenye kompyuta na simu, watundu huchukua PES ya zamani wakaivisha jezi za Simba na Yanga, majina ya wachezaji yakiwemo. Wakubwa wa Konami, wenye PES, hawakuwahi kufikiria kuiuzia Mufindi Dabi ya Kariakoo, na haikuhitajika wafikirie.

Nguvu ya kompyuta inaanza kupungua unapotaka gemu mpya. Gemu mpya za kompyuta karibu zote haziji tena kwenye diski, zinapakuliwa. GTA V ni GB 100 hivi. Kwa bei ya chini kabisa ya bando iliyoruhusiwa na TCRA mwaka 2021, shilingi 2.03 kwa MB, huo ni mzigo wa zaidi ya laki mbili, kabla hujalipia gemu yenyewe. Ujanja wa wenye subira ni kubeba diski ya nje hadi Mafinga au Iringa kwa mtu mwenye intaneti isiyopimwa, kupakua kwa akaunti yako ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kisha kunakili folda nzima nyumbani na kuiacha Steam ikague vipande vichache vilivyobaki. Hilo ni halali na linafanya kazi. Linahitaji nauli na rafiki mwema.

PS4 yenye tundu la diski inalikwepa tatizo hilo kwa sehemu kubwa. Diski inapanda basi kutoka Dar, ikichezwa hadi ichoshe inauzwa au inabadilishwa na ya jirani. Gemu iliyopakuliwa haiuziki wala haiazimiki. Kwa mji ulio mbali na duka, diski ni sarafu, na hili ndilo jambo ambalo wauzaji wa kimataifa wanalivunja polepole. PS5 ya toleo la dijitali haina tundu. PS5 Pro ya mwaka 2024 haina. PS5 Slim ina tundu linalochomoka, ambalo mwenye toleo la dijitali hulinunua peke yake, na siku ya kulifunga lazima mashine iingie intaneti walau mara moja. Mtu akikuletea PS5 ya bei ya kushangaza, kwanza tazama ubavuni. Kama hakuna mdomo wa kumeza diski, utakuwa umenunua mashine inayoishi kwa bando.

Halafu kuna suala la kuhesabika kwenye ramani. Mtandao wa PlayStation hauitambui Tanzania. Kusini mwa Sahara wanaiona Afrika Kusini, basi. Mwenye PS huku hufungua akaunti akijidai anaishi Uingereza au Marekani, na huishi na hofu ya kufungiwa. Wenye kompyuta walijiona salama mpaka mwaka 2024. Helldivers 2, gemu ya Sony iliyotoka Februari mwaka ule kwa PS5 na kompyuta, ilikuwa ikiuzwa kwenye Steam kila pembe ya dunia. Mwezi Mei Sony wakatangaza kwamba wachezaji wa kompyuta nao lazima wawe na akaunti ya PlayStation, na gemu ikaondolewa kwenye mauzo katika nchi 177 zisizo na huduma hiyo. Kelele zikawa nyingi, sharti la akaunti likafutwa baada ya siku chache. Hata hivyo wale waliolipia kihalali, kwa kadi za mtandaoni zinazotolewa na kampuni za simu, walijifunza kwamba kufuli ya PS inaweza kukufuata hadi kwenye kompyuta.

Siwezi kuliruka suala la mashine zilizochipiwa, yaani zilizovunjwa kufuli, maana ndizo zilizotulea. PS2, iliyouzwa zaidi ya milioni 155 duniani, haikufika Mufindi kwa diski za kampuni. Ilifika na mfuko wa nailoni wenye CD zilizoandikwa kwa kalamu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakataza nakala hizo, na mwenye kibanda anayetoza watu kwa gemu za kunakili anajiweka pabaya kuliko mtoto wa sebuleni. Mimi naitazama kama hesabu pia: PS iliyochipiwa haitakiwi kusasishwa, kwa hiyo haichezi mtandaoni, haipokei vikosi vipya vya timu, na msimu ukibadilika wateja wako wanamkuta mchezaji bado yuko klabu aliyohama. Mshabiki wa mpira anasamehe mengi, hilo hasamehi.

Kibanda chenyewe ndicho kinachonishawishi kuliko yote. Shifti ikitoka kiwandani, au mvua ikizuia watu kwenda shambani, vijana hujipanga kwenye benchi la mbao ya msindano, na sheria inajulikana bila kubandikwa ukutani: aliyefungwa analipa na anaondoka, aliyefunga anabaki. Kanuni hiyo ni akili ya biashara. Bingwa anacheza bure akiwa kivutio, na mfuko wa mwenye kibanda unajazwa na wanaotaka kumshusha. Tuseme mechi ni shilingi 300 na kwa siku zinachezwa 20: elfu sita. Siku 25 za mwezi ni laki moja na nusu, toa umeme wa elfu kumi na kitu, kodi ya chumba, na pedi, kwa sababu pedi ndizo zinazokufa, hasa kijiti cha kushoto. Ndani ya mwaka mmoja mashine imejilipa hata ukikadiria kwa uchoyo. Kompyuta moja haiwezi kukusanya foleni ya namna hiyo. Walimu wana malalamiko yao, na yana haki. Mwenye kibanda mwerevu hapokei sare za shule kabla ya saa kumi. Lakini wanaokichanganya kibanda cha gemu na dubwi, mashine ya kamari, wanakosea. Kwenye dubwi sarafu inacheza na wewe unatazama.

Kinyume chake, sebuleni mambo yanageuka. Nyumba yenye mwanafunzi inakutana na fomu za mkopo wa HESLB, maombi ya chuo, barua za Ajira Portal, na kila fomu ikijazwa steshenari inalipiwa, tena mtu mwingine anaona nywila yako. Kompyuta inacheza usiku na kufanya kazi mchana. PS mchana inalala. Ukihesabu saa ambazo mashine inafanya kazi yenye faida, OptiPlex ya mtumba sebuleni inaishinda PS5 kwa mbali, na hata laptopu dhaifu inaishinda. Tena laptopu ina betri: umeme ukikatika unahifadhi kazi yako, wakati PS4 ikizimika ghafla inaamka ikikukaripia na kuanza kukagua diski yake. Kuhusu radi za Novemba hadi Aprili, ushauri ni mmoja kwa wote: chomoa, na chomoa hadi waya wa antena. Ubaridi wa Mufindi, angalau, ni rafiki. Mashine inayochemka Dar kama sufuria, huku inapumua vizuri, na feni haipigi kelele.

Kwa nini usisubiri? Watu wananiuliza hilo pia. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox, kwa tarehe 19 Novemba 2026, na toleo la kompyuta halikupewa tarehe, PS4 haimo. Wakati huohuo, tangu mwishoni mwa 2025 bei za memori zimepanda kwa kasi, kwa sababu viwanda vinakimbilia kuzihudumia kompyuta kubwa za akili unde. Anayesubiri kompyuta mpya ishuke bei anasubiri basi lililokwishapita. Mtumba ndiyo sehemu pekee ambayo mtu wa laki tisa ana sauti.

Kwa hiyo nilimpigia simu yule kijana. Nikamwambia: kama unafungua kibanda, PS4 Slim yenye tundu la diski, TV ya inchi 32, pedi mbili na ya tatu ya akiba, PS5 iache kwanza. Kama ni ya nyumbani na dada yako anaelekea chuo, OptiPlex ya kasha refu na kadi ya wati 75, kisha pedi moja ya kuchomeka. Laki tisa haitoshi kwa yote mawili, na haitoshi hata kidogo kwa ile kompyuta ya feni sita aliyokuwa ameiona kwenye simu.

Akasikiliza hadi mwisho. Kibanda, akasema, na chumba ameshakipata, pembeni ya soko. Tatizo ni kwamba chumba hicho kinatumia LUKU moja na kinyozi, na kinyozi ana mashine tatu za kunyolea, pasi ya taulo na redio isiyozimwa. Jumamosi watakaa chini wagawane uniti.